Ndoo ambazo turubai zinafunika

Wanaonikuta alfajiri nikipandisha mlima mbio kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga wana swali moja: "Mama, leo unamkimbia mdai gani?" Nacheka, lakini mwaka 2019 utani huo ulikuwa wa kweli. Nilikuwa nadaiwa, na njia ya kupita mbele ya duka la aliyenidai niliibadilisha kabisa.

Naanika na kuuza dagaa Katonga, mwalo wa Ziwa Tanganyika ambako mitumbwi hushusha samaki, huu mwaka wa 14. Mbio nilianza kwa sababu ya presha, nikanogewa. Wenzangu wa mwaloni huniambia mbio ndizo zinazonipa moyo wa kung'ang'ania biashara ambayo wengine wameikimbia. Moyo huo mimi sijauona. Mbio zilinifundisha matumizi.

Marathoni ni kilomita 42.195, na mwili haujajaziwa mafuta ya safari hiyo. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama kalori 2,000. Mtu wa uzito wangu hutumia takriban kalori 65 kwa kila kilomita. Gawanya mwenyewe: akiba inaishia kilomita ya 30 hivi. Mafuta ya mwilini huchangia, ila kadiri unavyoongeza kasi ndivyo misuli inavyodai sukari zaidi. Kwa hiyo anayekata moto kilomita ya 32 mara nyingi aliharibu mambo kilomita ya tano, wakati akijisikia vizuri kuliko siku zote.

Mimi niliharibu hivyo Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon. Sehemu ya mwanzo ni barabara ya lami isiyo na kilima cha kutisha, watu wanapiga makofi, nami nikawa napita watu. Kisha njia inarudi mjini na kuanza kupanda Mweka. Huko niliowapita walinipita mmoja mmoja, tena wakinipa pole. Mzee mmoja mwenye mvi alikuwa anatembea kwa haraka, hakimbii hata kidogo, naye akanipita.

Miezi michache baadaye nikarudia kosa lile lile mwaloni.

Ilikuwa giza la Oktoba. Kwa msomaji asiye wa ziwani: dagaa wetu huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa sababu hufuata taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za sola. Mbalamwezi ikijaa, taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika. Giza lile dagaa walitoka wengi, bei ikashuka, nikajisikia kama nilivyojisikia kilomita ya tano. Nikakopa. Asubuhi moja nilinunua ndoo 40, wakati chanja zangu, yaani meza za wavu za kuanikia, zinabeba 25. Zilizobaki tukazimwaga kwenye mchanga kama zamani.

Saa nane mchana wingu likatokea upande wa Kongo. Mvua ya ziwani haikuulizi. Dada anayenisaidia alipiga kelele, "Mama, turubai!" Turubai zilikuwa mbili. Tulifunika chanja, wa mchangani wakalowa, na kesho yake jua halikutoka. Dagaa aliyelowa akiwa nusu mkavu unamjua kwa mkono kabla ya pua: analegea, tumbo linapasuka, kichwa kinabaki kwenye vidole. Siku ya tatu akawa mwekundu wa kutu. Nikamuuza kwa wenye kuku, kwa bei ya pumba, huku mkopo ukiwa ni wa bei ya dagaa.

Tangu hapo nina kanuni moja: sinunui ndoo ambazo turubai zangu haziwezi kufunika. Hata bei iwe ya kutupa, hata niwe na pesa mkononi. Hiyo ndiyo kasi yangu. Wenzangu wanaiita woga.

Kuna wakati naona tumekosea hata mashujaa wa kuwasimulia. Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, alipenda kukimbia mbele. Boston mwaka 1988 alikosa ushindi kwa sekunde moja, akawa wa pili tena 1989 na 1990. New York akashinda 1989, kwa hiyo simdharau hata chembe, ni mwili wake na mtindo wake. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo namtaka Alphonce Simbu, naye Mtanzania wa marathoni. Tokyo, Septemba 2025, fainali ya dunia, alijificha kwenye kundi hadi uwanjani, akamaliza kwa saa 2:09:48, muda sawasawa na Mjerumani aliyekuwa kando yake. Picha ndiyo iliyoamua: sehemu 3 za mia za sekunde. Hiyo akiba hakuiokota kwenye mita za mwisho. Aliitunza njia nzima.

Na ziwa lenyewe limechoka, hilo tusifichane. Maji ya juu yanapopata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Watafiti walikadiria mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa vijimea vinavyolisha ziwa ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, na samaki huenda kwa asilimia 30. Ongeza nyavu za macho madogo. Kwa hiyo kuna watu wameacha, na siwacheki. Jirani yangu wa chanja alihamia kwenye mawese, watu wakasema amekata tamaa. Mimi niliona mtu aliyejua goti lake limekufa kilomita ya 20 na akatoka barabarani akiwa bado anatembea.

Serikali ilipofunga uvuvi ziwani, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, mwalo ulinuna. Nami nilinuna, maana ada za shule hazifungwi. Ila mkimbiaji anajua kwamba misuli haijengeki barabarani, inajengeka ukiwa umelala. Miezi mitatu ile nilishona turubai mbili zaidi, nikabadilisha nyavu za chanja, nikauza kidogo kidogo magunia niliyokuwa nimeyaweka.

Siku ya kufunguliwa watu walijipanga ufukweni kama mstari wa kuanzia mbio. Lakini tazama kalenda: mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu, tarehe 19. Waliokwenda walirudi na dagaa wa kuonyeshana, ndoo ikauzwa kwa bei ya harusi, na zikagombaniwa. Nilipita hapo nikitoka mazoezini, nikasalimia, nikaenda zangu nyumbani kuoga. Ndoo yangu ya kwanza nilinunua mwezi ulipokwisha, mwanzoni mwa Septemba. Siku hiyo nilichukua 22.