Mkia wa tela ushikwe na ardhi kabla trekta halijapanda

Msimu wa kulima ukikaribia, matrekta huhama. Mwenye trekta wa Kibaigwa anapata kazi Dakawa, wa Kiteto anaitwa Kilosa, na kwa kuwa kulitembeza trekta kilomita mia na zaidi kwenye lami kunakula tairi na dizeli, wengi wanaona bora lipakiwe. Mimi ni fundi wa zana za kilimo hapa Morogoro, na kupakia na kushusha matrekta ni sehemu ya kazi zangu. Karibu kila mteja anayekuja na tela lake anauliza jambo lile lile: hizi ngazi za chuma zitahimili? Anazipiga teke, anarukaruka juu yake, anaridhika. Ngazi zinastahili kukaguliwa, sikatai. Lakini matela niliyoyaona yakileta balaa hayakuvunjika ngazi. Yalinyanyuka mbele.

Tela la kuvutwa, lenye ekseli (chuma kinachobeba magurudumu) moja au mbili zilizokaa karibu na katikati, limekaa kama ubao wa bembea. Magurudumu ndiyo egemeo. Uzito ukiwa mbele ya magurudumu unakandamiza gari linalovuta. Ukiwa nyuma yake unalinyanyua. Na trekta linalopanda kwa ngazi halina pa kuanzia isipokuwa mwisho kabisa wa mkia, mahali ambapo kila kilo ina nguvu ya kulinyanyua gari kuliko ingekuwa popote pengine juu ya tela hilo.

Tupige hesabu, maana bila hesabu watu hawaamini. Chukua trekta la farasi 50 lenye uzito wa kilo 2,000: kilo 750 ziko tairi za mbele, kilo 1,250 tairi za nyuma, na kati ya ekseli zake mbili kuna mita 2. Tela lina mita 1.5 kutoka ekseli hadi mwisho wa mkia, na mita 3 kutoka ekseli hadi pale linapofungwa kwenye pikapu. Trekta likipanda kwa kutanguliza mbele, wakati mbaya kuliko wote ni pale tairi kubwa zinapofika kwenye ukingo wa tela. Tairi za nyuma zinavuta mkia chini kwa 1,250 mara 1.5, yaani 1,875. Tairi za mbele wakati huo zimeshavuka ekseli ya tela kwa nusu mita, zinasaidia kwa 750 mara 0.5, yaani 375. Toa, unabaki na 1,500. Gawa kwa zile mita 3: nyuma ya pikapu inanyanyuliwa kwa nguvu ya kilo 500. Mkono wa tela, yaani chuma cha mbele kinachofungwa kwenye pikapu, tela likiwa tupu huenda unailalia pikapu kwa kilo 70. Bado kilo 430 zinavuta kwenda juu.

Na hapo hatujahesabu kwamba tela hufungwa nyuma ya ekseli ya pikapu, si juu yake. Mwinuko ule unazidishwa na urefu wa mkia wa gari, kwa hiyo tairi za nyuma zinapoteza uzito zaidi ya kilo 430. Pikapu isiyo na mzigo haina uzito mkubwa nyuma. Simama pembeni uangalie tairi yake: lile tumbo dogo linalotokea pale mpira unapolalia ardhi linaanza kupotea, springi zinanyooka, bodi inapanda. Watu wengi wanaangalia trekta wakati huo. Mimi naangalia tairi ile.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linaloua. Hendibreki ya pikapu nyingi inashika tairi za nyuma peke yake. Gia uliyoiacha ndani inashika tairi za nyuma pia, kama gari halijaingizwa fo-wili. Tairi hizo zikishapoteza uzito, hendibreki imefungwa vizuri kabisa na haishiki chochote. Gari na tela vinaanza kutambaa kwenda mbele, ngazi zinachomoka kwenye ukingo, na trekta lililokuwa nusu juu nusu chini linadondoka na dereva wake.

Nimeona mahali pengi vijana wanaitwa wapande nyuma ya pikapu au wakae juu ya mkono wa tela ili wawe uzito. Vijana watano ni kilo 350 hivi. Rudi kwenye hesabu yetu: hawatoshi. Na wakishindwa, wao ndio wako juu ya kitu kinachorushwa. Ndugu yangu mwenye trekta, usikubali jambo hili hata siku moja, hata kama wamezoea.

Dawa ni kuhakikisha kwamba uzito wa mkia unakwenda ardhini moja kwa moja, usipite kwenye ekseli ya tela na kulinyanyua gari. Unaweka nguzo mbili fupi chini ya mkia, kushoto na kulia, kabla tairi ya kwanza haijagusa ngazi. Matela mengine yanakuja na miguu ya nyuma ya kushusha na kufunga kwa pini. Kama lako halina, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa bomba nene, moja likiingia ndani ya jingine, na tundu za pini. Mguu ukae chini ya yale machuma makubwa mawili yanayopita urefu wote wa tela, karibu kabisa na ukingo ngazi zinaposhika. Usiuweke chini ya chuma chembamba cha kubebea taa. Kitapinda kwanza, halafu utagundua.

Kama huna miguu, tumia magogo ya mti mgumu yaliyopasuliwa yakawa na pande nne. Mkaratusi mkavu unafaa, mabaki ya mtiki yanafaa sana. Yapange kwa kupishanisha, mawili hivi, mawili vile, na kimo cha rundo kisizidi upana wake. Tofali la saruji usilitumie. Watu wanalipenda kwa sababu lina umbo zuri, lakini halitoi onyo: mti ukizidiwa unalia na kubonyea, tofali linasagika mara moja. Jiwe la mviringo linabingirika. Jeki ya chupa nayo, hata ile ya tani kumi, ni ya kuinulia, si ya kuegemeza. Kichwa chake kidogo kinateleza kwenye chuma kilichoinama, na sili ikivuja inashuka taratibu bila wewe kuona.

Kila upande uweze kubeba mkia wote peke yake. Wengine wanadhani nguzo mbili zitagawana sawa kwa sawa, lakini ardhi haiko sawa na trekta halipandi likiwa katikati kabisa, kwa hiyo moja itazidiwa.

Halafu kuna kabari, na hapa ndipo watu wanafanya haraka. Ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya gogo na chuma, mkia utashuka vidole viwili kabla haujakutana na gogo, na kwa urefu wa mkono wa tela hilo, mbele itakuwa imeshapanda mara mbili ya hapo. Chonga kabari mbili za mti mgumu, ziingize zikitazamana kutoka pande mbili, zigonge kwa nyundo kwa zamu. Mwanzoni mlio ni wa mti mtupu, pu, pu. Zikikaza mlio unakuwa mkali na mfupi, na nyundo inaruka. Hapo acha. Usiendelee mpaka tela linyanyuke, maana utakuwa umepunguza uzito wa magurudumu yake.

Udongo una neno lake pia. Dakawa na mabonde mengi ya mpunga kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu ni kama sakafu, ukilowa mvua moja tu unameza. Mguu wa chuma wenye kitako cha sentimita 10 kwa 10 ukibebeshwa kilo 1,000 unakandamiza kila sentimita ya mraba kwa kilo 10. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, na mzigo ule ule unashuka hadi kilo 0.6 hivi. Ubao huo nautembeza popote niendapo.

Shambani kuna njia ninayoipenda kuliko zote, nayo haitaki chuma chochote. Tafuta tuta au ukingo imara wenye kimo cha tela, au chimba mitaro miwili ya magurudumu, urudishe tela mpaka bodi yake ilingane na ardhi na mkia ukae juu ya ukingo wenyewe. Trekta linaingia karibu tambarare. Angalia tu ukingo usiwe wa udongo uliomwagwa jana, na tandika mbao pale tairi zitakapopita.

Pasipo na tuta, basi ngazi. Ziwe ndefu: kwa tela la kimo cha sentimita 70, ngazi za mita 2.5 zinakupa mwinuko wa nyuzi 16 hivi, na huo ndio mwisho wangu. Ndoano zake zifungwe kwa pini au mnyororo kwenye tela, kwa sababu ukikanyaga mafuta ghafla tairi zinazisukuma nyuma zichomoke. Tope lifutwe.

Tela lisipakiwe likiwa limefunguliwa kutoka kwenye gari. Kale kagurudumu ka mbele kanasukuma juu tu, hakavuti chini. Weka vizuizi pande zote mbili za magurudumu ya tela, na vingine mbele ya tairi za mbele za gari, zile ambazo hazitanyanyuka. Ondoa plau, ipakie peke yake. Kwenye trekta, pedali mbili za breki zifungwe pamoja kwa kile kichuma chake. Dereva aliyezoea kukatia kona shambani kwa breki ya upande mmoja akifanya hivyo juu ya ngazi ameshatoka nje ya ngazi. Gia ya chini kabisa ya lo, yaani upande wa gia za nguvu na mwendo wa polepole, mguu mbali na kluchi, mafuta kidogo yasiyobadilika. Utingo asimame pembeni mbele, dereva amwone, na asiwepo mtu yeyote nyuma wala katikati ya ngazi.

Kama mwinuko ni mkali na trekta linavutwa na tairi za nyuma tu, pua yake inaweza kupanda na kulipindua juu ya dereva. Hapo mimi ninalipandisha kinyumenyume, tairi kubwa zikitangulia. Lakini ujue unachobadilisha: sasa zile kilo 1,250 zinafika kwenye mkia wakati tairi za mbele hazijaingia kwenye tela kusaidia chochote. Rudia hesabu: 1,250 mara 1.5, gawa kwa 3, ni kilo 625 badala ya 500. Anayerudi nyuma bila kuegemeza mkia amejikinga na hatari moja akaikaribisha nyingine iliyo kubwa zaidi.

Likishapanda, lisogeze mpaka uzito uegemee mbele kidogo ya ekseli, mkono wa tela ulalie gari kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote, tela pamoja na trekta. Zima, vuta hendibreki, funga minyororo pande nne. Springi za tela zitakuwa zimeshuka na kabari zimebanwa. Zigonge kutoka ubavuni, usiingize mkono chini ya bodi. Na usiondoke kabla hujaona kwa macho yako kwamba miguu imepandishwa na pini zimeingia. Mguu uliosahaulika ukikutana na tuta la barabarani unang'oa chuma cha tela.

Kwa wenye Fuso na lobedi, yaani tela refu la bodi ya chini linalovutwa na kichwa cha lori: ekseli za lobedi ziko nyuma kabisa, kwa hiyo kunyanyuka mbele si tatizo kubwa, ila lisipakiwe likiwa limesimama kwa miguu yake bila kichwa. Fuso lina mkia mrefu nyuma ya tairi, na trekta kubwa likiwa pale ekseli ya mbele inakuwa nyepesi. Egemeza vile vile.

Kushusha ndiko kunakosahaulika. Mmefika saa tatu usiku, mmechoka, mwenye shamba anataka kulima alfajiri, na minyororo inafunguliwa ngazi zikiwa ndizo kitu pekee kilichowekwa. Hesabu ni ile ile, inakwenda kinyume tu: trekta linaanza likiwa limelikandamiza gari, kila kitu kinaonekana kimetulia, halafu tairi kubwa zikivuka ekseli ya tela uzito unahama na pikapu inanyanyuka bila taarifa. Magogo, ubao na kabari visafiri na trekta, vifungwe mahali mtu anapoviona kwanza akifika. Mimi ninavifunga juu ya ngazi zenyewe, ili asiweze kuchukua ngazi bila kuvishika kwanza.