Gofu haihitaji mwili? Dhana inayowaumiza watu migongo

"Daktari, gofu nayo inaumizaje mgongo? Si kutembea tu na kupiga kampira?" Hapa Malindi naulizwa hivyo na wachezaji, na makedi wanaobeba mifuko ya fimbo, hata na wanaowasindikiza kliniki. Imenichosha, maana anayeamini hivyo hapashi mwili moto, hafanyi mazoezi, kisha analetwa kwangu ameinama, mkono kiunoni.

Tazama Ryder Cup, mashindano ya gofu kati ya Ulaya na Marekani. Kila timu ina wachezaji 12. Ijumaa na Jumamosi ni mechi za wawili wawili, asubuhi na alasiri. Anayepangwa zote huweza kumaliza mashimo 36 kwa siku moja, kwa miguu, na Jumapili yumo tena katika mechi ya mmoja kwa mmoja.

Na kutembea ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoumiza ni pigo. Kwa mwanamume wa kulipwa, kichwa cha fimbo huufikia mpira kwa zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Kasi hiyo haitoki mikononi: huanzia miguuni, ikapita nyongani, ikapanda kifuani, mikono ikamalizia. Fimbo inaporudi nyuma, mabega hugeuka kama digrii 90, nyonga karibu nusu yake. Pingili za kiuno hukunjika na kukunjuka vizuri, lakini kuzunguka kwake ni kudogo mno. Nyonga ikikakamaa, kiuno hulazimishwa kufanya kazi isiyo yake.

Ndiyo maana mgonjwa anayepiga kwa mkono wa kulia naanza na nyonga yake ya kushoto. Namlaza kifudifudi, nakunja goti, nausukuma unyayo kuelekea nje, kisha nalinganisha na mguu wa kulia. Mara nyingi wa kushoto hugoma mapema, naye mwenyewe hushangaa, kwani amekuja na maumivu ya kiuno. Tiba yake haiwezi kuwa mkanda na dawa ya kuchua peke yake! Fungua nyonga kila siku, imarisha makalio na tumbo, na kigari cha kupanda uwanjani kiache.

Tiger Woods, mchezaji gofu wa Marekani, alipasuliwa mgongo mara kadhaa, na mwaka 2017 pingili zake za chini zikaunganishwa. Mwaka 2019 akashinda Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu. Kati ya hapo kulikuwa na mazoezi mengi.

Wengine husema kunyanyua vyuma vya mazoezi kunaharibu mkono wa gofu. Hakuharibu. Rory McIlroy, mchezaji wa timu ya Ulaya, ananyanyua vyuma miaka mingi.

Kuhusu mashabiki, si kweli kwamba lazima wawe kimya muda wote. Kwenye Ryder Cup ya Medinah, Marekani, mwaka 2012, Bubba Watson wa Marekani na Ian Poulter wa Ulaya waliwataka wapige kelele huku wao wakipiga mpira wa kwanza. Ila tiketi si ruhusa ya kutukana. Kwenye Ryder Cup ya Bethpage, New York, mwaka 2025, McIlroy alitukanwa shimo baada ya shimo, na kinywaji kilichorushwa kikampata mkewe. Ulaya ilishinda 15 kwa 13. Mtu mwenye hasira hukaza mabega, na mabega yaliyokaza hayageuki. Basi anayetukana anauchezea mwili wa mwenzake.

Mkienda uwanja wa gofu wa Vipingo, hapa Kilifi, kutazama mashindano ya wanawake, simameni tuli mchezaji anapojipanga, simu zisilie, na mpira ukishaondoka shangilieni mtakavyo.