Maana ya kuandaa moyo katika kipindi cha Majilio

Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, kuandaa moyo wakati wa Majilio, yaani majira ya kujiandaa kwa Noeli, ni kazi ya muumini ya kuondoa ndani yake, na katika mahusiano yake na watu wengine, kila kinachomzuia kumpokea Kristo. Naiita kazi kwa makusudi, kwa sababu maneno hayo yamezoeleka kutumika kana kwamba yanahusu hali fulani ya utulivu inayomjia mtu akisikia nyimbo za Noeli redioni, na mtu asipoisikia hali hiyo hudhani kwamba Majilio yamempita.

Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume. Kwa hiyo mwanzo wake huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, nao mwisho wake ni jioni ya tarehe 24 Desemba. Dominika huwa nne daima, lakini wiki hazitimii nne kila mara: mwaka 2023 Dominika ya Nne iliangukia tarehe 24 Desemba yenyewe, hata wiki ya nne ikawa ni saa chache tu. Kwa waamini wa Moshi badiliko la majira huonekana kwa uzito wa pekee, kwa kuwa Kanisa Kuu la jimbo lao ni la Kristo Mfalme, na sherehe ya Kristo Mfalme ndiyo Dominika ya mwisho ya mwaka wa Kanisa. Dominika moja Misa ni ya rangi nyeupe na shangwe. Inayofuata, padri anatoka sakristia amevaa kasula, vazi la nje la Misa, ya zambarau, na wimbo wa Utukufu hauimbwi.

Zambarau hiyo imewafanya wengi wayaite Majilio Kwaresima ndogo, nami naona jina hilo linapotosha. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unataja siku za toba kuwa ni Ijumaa zote za mwaka pamoja na kipindi cha Kwaresima, Majilio hayamo. Aleluya, ambayo hunyamazishwa wakati wa Kwaresima, huendelea kuimbwa, na Dominika ya Tatu, inayoitwa ya furaha, inaruhusu hata kasula ya rangi ya waridi. Kanuni za mwaka wa liturujia zilizotolewa mwaka 1969 zinayaeleza majira haya kuwa ni ya matazamio yenye ibada na furaha. Toba imo, lakini ni toba ya mtu anayemtarajia mgeni ampendaye.

Je, anayetazamiwa ni nani, ikiwa Yesu alikwisha kuzaliwa Betlehemu? Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, abati wa karne ya 12, alijibu kwa kutofautisha ujio wa aina tatu: ule wa kwanza katika mwili na unyonge, ule wa mwisho katika utukufu, na wa kati, usioonekana kwa macho, ambamo Kristo humjia mtu rohoni na kumpa nguvu. Masomo ya Misa yanafuata mpangilio unaokaribiana na huo. Hadi tarehe 16 Desemba yanaelekea zaidi kwenye kurudi kwa Bwana, na ndiyo maana Dominika ya Kwanza husomwa Injili ya kukesha, jambo linalowashangaza wanaotegemea kusikia habari za hori na wachungaji. Tangu tarehe 17 yanageukia kuzaliwa kwake. Moyo unaandaliwa kwa ajili ya ujio ule wa kati, kwa kuwa ndio unaomkuta mtu leo, nyumbani kwake, katika hali aliyo nayo.

Namna ya kuandaa inaelezwa katika Injili ya Luka, sura ya 3, ambapo mwinjili anaeleza utume wa Yohane Mbatizaji kwa maneno ya nabii Isaya: mabonde yajazwe, vilima vishushwe, palipopinda panyoshwe. Wakazi wa barabara za mlimani, za Kibosho au za Kilema, wanaielewa picha hiyo bila mhubiri. Mvua za vuli huchimba makorongo, watu hulalamika bila kusikilizwa, kisha siku chache kabla ya kiongozi kupita, greda linaonekana na kifusi kinamwagwa. Tunalicheka jambo hilo, na tuna haki ya kulicheka, lakini nabii ametumia desturi hiyo hiyo ya kale ya kumtengenezea mfalme njia.

Muhimu zaidi ni kinachofuata katika sura hiyo, ambacho kwa bahati mbaya hutajwa kwa haraka. Makutano walimwuliza Yohane wafanye nini. Hakuwaambia wafunge zaidi wala wakae jangwani pamoja naye. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wasimdhulumu mtu, wasimshitaki kwa uongo, na watosheke na mshahara wao. Kila mmoja alielekezwa mahali pale pale anapopatia riziki. Kwa kipimo hicho, mwenye basi la kwenda Moshi mwezi Desemba anaandaa moyo wake kwenye dirisha la tiketi, na mwajiri wa Arusha anauandaa anapomlipa dada wa kazi mshahara wake wote kabla hajasafiri kwenda kwao.

Uchagani mwezi huo una mtihani wake. Watoto waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanarudi nyumbani, wanakwenda kuhesabiwa kama watani wao wanavyosema. Nyumba inapakwa rangi, mbuzi ananunuliwa, mbege inapikwa. Ndugu wawili ambao hawajasemezana tangu kikao cha kugawa kihamba, shamba la ukoo, watakaa meza moja. Kwa mila ya Wachaga, jani la sale ndilo linalopelekwa kwa aliyekosewa ili kuomba msamaha, na mmea huo huo wa sale ndio unaopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba. Anayeung'oa usiku na kuusogeza hatua mbili, kisha akaingia kanisani tarehe 25 na zawadi ya matoleo, ameambiwa la kufanya katika Mathayo, sura ya 5: aiache zawadi yake mbele ya altare, aende kwanza akapatane na ndugu yake.

Sakramenti ya Kitubio inakamilisha kazi hiyo bila kuchukua nafasi ya kupatana. Mtoto wa mafundisho anajua hatua zake: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuziacha, kuziungama kwa padri, na kutimiza malipizi. Hatua ya kwanza ndiyo inayohitaji wiki zote hizi, kwani mtu akitafuta kwa dakika tano akiwa tayari kwenye foleni, hupata yale anayoungama kila mwaka na kuacha lile la mpaka. Kurudisha kilichochukuliwa isivyo haki nako ni sehemu ya toba, wala ondoleo la dhambi halimwondolei mtu wajibu huo pale anapoweza kurudisha.

Wapo wanaofika kutoka safarini tarehe 23 wakidhani wamechelewa, au wanaona haya kuungama kwa paroko aliyewabatiza. Kanuni ya 991 ya Mkusanyo ule wa Sheria za Kanisa inampa kila muumini uhuru wa kuungama kwa padri yeyote mwenye ruhusa halali ya kuungamisha, awe wa parokia yake au ya jirani, na hakuna barua ya jumuiya inayohitajika.