Meza ya Mpishi Melini: Kazi Hufanyika Kabla Hawajaketi

Saa moja unusu usiku, ukumbi mkuu wa chakula ukiwa umefurika na oda zinamiminika jikoni, mimi humwachia msaidizi wangu zamu, nikavaa koti safi na kwenda kusimama mlangoni. Pale nje huwa kuna watu kumi na wawili wasiojuana. Wamependeza, wananukia, na wengi wao wanatazama simu ili wasitazamane. Kila wawili wamejitenga na wawili wengine, kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Nina dakika arobaini za kuwafanya wawe watu wanaoweza kula pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nimepika kwenye meli za kitalii kwa miaka kumi na mmoja, zaidi kwenye njia ya Miami kwenda Cozumel, Grand Cayman na Jamaica, visiwa vya bahari ya Karibi. Vijana wa nyumbani wanaoziona meli hizi zikitia nanga Kilindini au Malindi ya Unguja huniuliza habari za mishahara na mikataba. Hayo yana siku yake. Leo nataka kueleza kazi ninayoipenda kuliko zote melini: meza ya mpishi, yaani mlo ambao abiria wachache huulipia nje ya nauli, karibu dola 100 kwa mtu, wakakaribishwa na mpishi mwenyewe na kuandaliwa kozi sita au saba ambazo hazimo kwenye menyu ya abiria wengine elfu tatu.

Watu hudhani wanachonunua ni chakula adimu. Chakula ni kizuri, nitakisifu popote. Lakini nimepika menyu ileile, kwa mikono ileile, usiku mmoja meza ikawaka na usiku mwingine ikawa baridi kama maji ya barafu. Tofauti haikuwa kwenye sufuria.

Zamani hakukuwa na haja ya kulipia jambo hili. Januari 1891, meli ya Kijerumani Augusta Victoria iliondoka Cuxhaven na abiria 241 kwenda Mediterania, si kwa kuwafikisha mahali bali kwa kuwatembeza na kuwarudisha, na wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa utalii huu wa meli. Enzi zile abiria alikula kwenye meza ndefu, saa ileile na wenzake wote, apende asipende. Mwaka 1905 meli ya Amerika, ya kampuni hiyohiyo ya Hamburg, ikafungua mgahawa uliobeba jina la Ritz, jina la hoteli za kifahari, ambapo mwenye fedha aliweza kuagiza atakacho saa aitakayo. Hata hivyo desturi ya kupangiwa meza na wageni iliendelea karne nzima: unapewa namba ya meza, unakuta watu sita au wanane, na hao ndio wenzako mpaka mwisho wa safari. Ilipofika mwaka 2000 Norwegian Cruise Line ikaanza kuuza uhuru wa kula saa yoyote na yeyote, na kampuni nyingine zikafuata kila moja kwa namna yake. Abiria wengi waliufurahia uhuru huo, nami siwalaumu. Ila nikiangalia ukumbi wetu leo, naona meza za wawili wawili hadi ukutani. Kile kilichokuwa ndani ya tiketi ya kila mtu sasa ni jambo la pekee linalouzwa kwa viti kumi na viwili.

Sasa turudi mlangoni.

Jambo la kwanza ninalowafanyia ni kuwavalisha makoti meupe ya upishi. Sababu rasmi ni usafi. Meli zinazotia nanga bandari za Marekani hukaguliwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, bila taarifa, kwa alama 100, na ukipata chini ya 86 umeanguka na matokeo yanatangazwa kwa umma. Hakuna mpishi mkuu atakayekubali mgeni apite jikoni na mikono ya shati inayoburuta kwenye chakula. Lakini koti lina kazi nyingine ambayo hakuna aliyeiandika kwenye mwongozo. Linafunika. Yule wa chumba cha kifahari chenye roshani mbili na yule aliyejinyima mwaka mzima akapata chumba cha ndani kisicho dirisha, wote wanakuwa watu wa koti jeupe. Mkufu haupo, suti haipo. Halafu makoti hayawatoshi. Mmoja mikono inamfika kwenye viwiko, mwingine limemmeza. Hapo ndipo nasikia kicheko cha kwanza, na mara nyingi mtu anamsaidia mwenzake asiyemjua kufunga kifungo.

Kisha wananawa mikono kwenye beseni letu, sekunde ishirini kwa sabuni, mmoja baada ya mwingine, nami nahesabu kwa sauti. Nyumbani kwetu mtu hawezi kukaribia sinia kabla birika na bakuli la kunawia havijampitia, na nimeamini tangu utotoni kwamba kunawa pamoja ni mlango wa kula pamoja. Sikutegemea kukuta mlango huohuo kwenye chuma cha jikoni katikati ya Karibi.

Baada ya hapo tunaingia jikoni lenyewe, na huingia katika saa mbaya kabisa, kwa makusudi. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilitaka niwazungushe saa kumi jioni, jiko likiwa limepigwa deki na kimya. Nilifanya hivyo mara chache na nikaona wageni wanatembea kama wako makumbusho. Saa moja unusu mambo ni mengine. Wahudumu wanapita na sinia zenye sahani kumi kumi, shefu wa samaki anapaza sauti, kijana wa vyombo amezama kwenye mvuke. Nawaonyesha vyuma vilivyozunguka juu ya majiko ili sufuria isiteleze bahari ikichafuka, na milango ya oveni yenye vifungo. Nawaambia tafuteni moto. Wanatafuta, hawauoni. Kwenye meli nilizopikia hakuna gesi wala ndimi za moto, ni umeme mtupu, kwa kuwa moto ndicho kitu ambacho baharia anakiogopa kuliko dhoruba. Nawaonyesha kipimajoto changu: cha baridi kisizidi nyuzi 5, cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57, na katikati ya hapo saa inahesabu dhidi yetu.

Hawayakumbuki yote hayo. Wanachokumbuka ni kwamba waliona kitu pamoja. Watu wasiojuana hawana la kuzungumza kwa sababu hawana jambo wanalolijua wote. Wakitoka jikoni wanalo: yule kijana aliyegeuza omleti mbili kwa wakati mmoja, joto lile, kelele zile, ule ujia mrefu wa wafanyakazi ambao kwenye meli nyingi tunauita I-95, kwa jina la barabara kuu ya mashariki mwa Marekani. Tayari wana historia ya dakika ishirini.

Vitafunwa vya kwanza nawapa humohumo jikoni, wamesimama, bila uma wala kisu. Kaa kidogo juu ya kipande cha mkate, kijiko kimoja cha supu kwenye kikombe cha kahawa. Mtu akishika chakula kwa vidole mbele ya mgeni, aibu ya kwanza imekwisha.

Kuhusu kuketi nina ukali kidogo. Mume na mke siwaweki ubavuni, nawaweka wakitazamana, ili kila mmoja awe na jirani mpya kushoto na kulia na bado amwone wake. Aliyekuja peke yake simweki mwisho wa meza hata siku moja; kiti chake ni cha katikati, kwa sababu anayeketi pembeni akinyamaza hakuna atakayegundua. Meza iwe nyembamba. Ikiwa pana mno, utasikia mazungumzo sita ya wawili wawili na katikati kimya.

Halafu nauliza swali moja, na kwa miaka minne sijalibadilisha: kwenu, mtu akiumwa, mlikuwa mnampikia nini? Siulizi kazi, maana kazi hupanga watu kwa ngazi. Siulizi nchi, maana nchi huleta siasa kabla ya supu. Chakula cha mgonjwa kila mtu anacho. Mfilipino atasema lugaw, uji wa mchele wenye tangawizi. Mhindi wa kusini atasema kanji, na wawili hao watagundua wanazungumzia karibu chungu kimoja. Mjamaika, uji wa unga wa mahindi wenye kokonati na mdalasini. Myahudi wa New York, supu ya kuku, na atakwambia hakuna nyingine. Mimi nasema uji wa mchele wa mamangu, uliotiwa tui la nazi na iliki. Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kumtaja aliyekupikia, na mtu akishamtaja mamake mezani hawezi tena kuwa mgeni sawasawa.

Usiku ulionifundisha zaidi ulikuwa wa kushindwa. Viti kumi na viwili vilikuwa vimejaa, lakini vinane vilichukuliwa na marafiki waliosafiri pamoja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Walikuwa watu wema, wakarimu, wenye kicheko. Ila walikuwa na vichekesho vyao vya miaka thelathini, na wale wanne waliobaki wakageuka watazamaji. Nilijaribu kila njia. Nilihamisha maongezi, nikaleta kozi ya nne mapema, nikamwomba mtaalamu wa mvinyo akae upande wao. Mama mmoja, mjane aliyesafiri peke yake, aliniaga kabla ya kitindamlo akisema amechoka. Hakuwa amechoka. Niliumia sana, kwa sababu alilipa sawasawa na wote na nikampa kiti cha kutazamia furaha ya wengine. Tangu hapo nikapigania kanuni, na nikaipata: kundi moja lisizidi watu wanne. Watakaozidi tunawafanyia usiku wao wenyewe.

Kanuni ya pili ilichukua muda zaidi. Mlo wa kifahari siku hizi huletwa sahani moja moja, kila mtu na pambo lake, hakuna anayegusa cha mwenzake. Hiyo si sheria ya asili. Ulaya ya zamani vyombo vilijazwa mezani kwa pamoja na watu wakapakuliana; ni katika karne ya 19 ndipo ulipoenea mtindo walioupa jina la Kirusi, wa kozi baada ya kozi. Nilimwendea mpishi mkuu wetu nikamwomba kozi moja tu. Nilimweleza sinia la pilau la harusi: wanaume wanne au watano, pengine hujawahi kuwaona, mmekaa kwenye mkeka, kila mmoja anakula upande wake, na nyama iko katikati. Hakuna anayeirukia. Mkubwa wenu anaichambua na kuisogeza mbele ya kila mmoja. Akanitazama kitambo, kisha akasema jaribu mara moja.

Kwa hiyo kozi ya tano sasa ni bega la kondoo, limeokwa polepole tangu asubuhi mpaka mfupa unachomoka kwa kijiko, limelala kwenye sinia mbili kubwa na wali na vitunguu vilivyokaangwa. Nawapa sharti moja: hakuna anayejipakulia. Unampakulia aliye kulia kwako, na unamuuliza kwanza anapenda nini. Nimeona mkulima wa Marekani, mtu wa maneno machache, akimuuliza kwa ishara mama wa Kibrazili asiyejua Kiingereza kama anataka nyama ya ukingoni iliyoshika rangi au ile laini ya ndani. Ilichukua dakika nzima. Meza yote ilinyamaza kuwasubiri, na alipoupata ukingo wake mama yule akapiga makofi.

Neno moja kuhusu vinywaji. Mimi situmii pombe, na kila kozi huja na mvinyo wake. Nimekaa upande wa asiyekunywa na ninajua jinsi glasi ya maji inavyomweka mtu kando. Basi kwa wasiotumia, kwa dini, kwa dawa au kwa sababu zao, napanga vinywaji kwa uzito uleule: maji ya ukwaju yenye pilipili manga kwa kondoo, rosela baridi kwa bata, chai ya tangawizi isiyo sukari kwa jibini. Wanaokunywa mvinyo wameanza kuomba waonje.

Ukipata nafasi ya kuketi meza kama hii, weka nafasi siku ile ya kupanda meli, kwa kuwa viti huisha mapema, na mara nyingi mlo wenyewe huwekwa usiku wa siku ya baharini, wakati hakuna wa kuchelewa kurudi kutoka bandarini. Taja mzio wako wakati huohuo, usisubiri kozi ya pili. Jikoni tunahitaji siku nzima kubadilisha mchuzi mmoja kwa usalama. Vaa viatu vilivyofunika vidole, sakafu yetu huwa na maji. Na ukifika pale mlangoni mapema, tia simu mfukoni. Aliye karibu nawe naye anatafuta pa kuweka macho.