Akaunti moja ya "mapokezi", watu sita

Jamani leo tuongelee akaunti za wafanyakazi kwenye mifumo ya kliniki, maana kila nikiitwa sehemu kurekebisha mfumo kitu cha kwanza naomba orodha ya watumiaji, na karibu kila mahali nakuta jina "mapokezi" au "nesi1", ukiuliza nesi1 ni nani unaambiwa aah hiyo ya wote.

Kliniki moja nilikuta pale mapokezi wamebandika plasta kwenye ukingo wa skrini, ile ya kushikilia kanula, paswedi imeandikwa juu yake kwa peni. Wiki hiyo kulikuwa na risiti zimefutwa baada ya wagonjwa kulipa keshi. Mfumo ulirekodi saa, ulirekodi na jina, aliyefuta ni "mapokezi". Basi. Watu sita wanaitumia, bosi akakata mishahara ya wote sita, na mmoja wao siku hiyo hata kazini hakuwepo, alikuwa kampeleka mtoto hospitali, lakini angethibitishaje? Hii inaniuma mpaka leo. Akaunti yako mwenyewe ndo shahidi wako siku mambo yakiharibika.

Sasa msiwalaumu manesi haraka. Foleni imefika nje, kompyuta ni moja na nzito, kutoka na kuingia upya kunakula dakika nzima, nani atafanya hivyo mara arobaini kwa zamu? Kwa hiyo kabla sijakataza kuchangia akaunti naanza na mashine, naongeza ram, naongeza kompyuta ya pili kama hela ipo, afu naweka mfumo ujifunge wenyewe ukikaa dakika chache bila kuguswa. Kuingia kukiwa kwepesi watu wanaacha wenyewe kuazimana paswedi.

Nafanya sana kazi na OpenMRS, programu huria ya kutunza mafaili ya wagonjwa iliyoanza 2004, Eldoret kule Kenya ni moja ya sehemu za kwanza kabisa kuitumia na KenyaEMR, mfumo wa mafaili ya wagonjwa wa Kenya, imejengwa juu yake. Kitu nachokipenda ni kwamba mle ndani mtumiaji na mtoa huduma ni vitu viwili tofauti. Mtumiaji ni yule anayeingia na paswedi, mtoa huduma ni yule aliyemwona mgonjwa. Daktari bingwa anayekuja Jumamosi tu anaandika kwenye karatasi, karani anaingiza Jumatatu, na mfumo unaonyesha vyote, daktari ndo alihudumia na karani ndo alichapa. Hakuna haja kabisa ya karani kupewa paswedi ya daktari, na nimeona sehemu nyingi wanampa.

Ruhusa zenyewe ni vipande vidogovidogo, kuona wagonjwa, kusajili, kurekebisha majibu, unavifunga pamoja vinakuwa roli, na roli inaweza kurithi nyingine, kwa hiyo nesi kiongozi anarithi za nesi afu unamuongezea mbili tatu. Zipange kwa kazi anayofanya mtu, siyo kwa ukubwa wa cheo. Mapokezi anahitaji jina, simu na bima, majibu ya maabara ya nini? Kliniki ya mtaani watu wanajuana, aliyepima VVU asubuhi asikute habari yake imefika sokoni jioni. Na anayepokea hela asiwe ndo mwenye ruhusa ya kufuta risiti, hapo sibembelezi mtu. Ile roli ya System Developer inafungua kila kitu, usimpe mwenye kliniki eti kwa sababu ni mwenye kliniki. Afu paswedi ya kuanzia ya admin, Admin123, dunia nzima inaijua, ibadilishe siku hiyohiyo ya kwanza.

Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo hili siyo swala la fundi wa kompyuta peke yake.

Mtu akiacha kazi usifute akaunti yake, ifunge. Ukifuta unaharibu historia, maandishi yote aliyoacha kwenye mafaili yanabaki hayana mwenyewe. Na wanafunzi wa fildi wawekee tarehe ya mwisho siku ileile unayowafungulia, kama mfumo hauna hicho kipengele andika kwenye kalenda ya simu yako.

Mimi kila mwisho wa mwezi naomba orodha ya mishahara naiweka pembeni ya orodha ya watumiaji, nakagua jina kwa jina. Juzi tumekuta akaunti tisa za watu walioshaondoka, na moja iliingia Jumapili saa tano usiku wakati mwenyewe kaacha kazi tangu Machi. Tumeifunga palepale, na sasa hivi mimi na daktari mfawidhi tunapitia logi, yaani rekodi ya nani aliingia na alifanya nini, mstari kwa mstari tujue ni mafaili ya wagonjwa gani yalifunguliwa usiku ule.