Eneo Tupu Mjini Tabora Si Ardhi ya Ziada

Nimetumiwa tena ile video ya Los Angeles, inayoonesha maegesho ya magari ya jiji yakigeuzwa kuwa nyumba za watu wasio na makazi, na chini yake swali ambalo sasa nalijua kwa moyo: kwa nini Manispaa ya Tabora, yenye maeneo matupu kila kona, isiyagawe kwa wasio na nyumba? Mimi ni mpanga miji. Swali hili nimeulizwa msibani, nimeulizwa kwenye mikutano ya mtaa, na nimeulizwa na watu ninaowaheshimu ambao walidhani wamenibana. Safari hii nalijibu kwa maandishi, ili anayefuata nimwelekeze hapa na mimi niendelee na wali wangu.

Suala la umiliki nitalipita haraka. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inazuia mamlaka ya serikali za mitaa kutoa haki ya kumiliki ardhi pasipo idhini mahsusi. Hati hutoka kwa Kamishna wa Ardhi, ambaye sasa ana ofisi katika kila mkoa. Halmashauri hupanga, hushiriki kugawa, na humiliki viwanja vyake yenyewe vya shule, zahanati, masoko na ofisi. Kwa hiyo anayesema «ardhi ya manispaa» akiwa na maana ya kila sehemu isiyo na nyumba amekosea kabla hata hajaanza.

Linalonichosha zaidi ni hilo neno «tupu». Chukueni mchoro wa mipango miji, tembeeni nao mjini, kisha mnioneshe eneo tupu lisilo na mwenyewe wala matumizi. Uwazi unaofuata njia ya reli ni wa reli, ambayo ilifika hapa mwaka 1912 na haijawahi kuacha kuhitaji nafasi, na sasa ujenzi wa reli ya kisasa umeongeza hitaji hilo. Bonde lile ambalo mwezi wa nane linaonekana kama uwanja wa mpira wa bure ni mbuga, yaani bonde linalojaa maji wakati wa mvua. Rudini mwezi wa pili mkaone maji yamesimama juu ya udongo mweusi, halafu mniambie ni maskini gani mnayetaka kumjengea pale. Maeneo ya kandokando ya mito na mabwawa yanalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ndani ya mita 60. Pori lililo nyuma ya shule ni la madarasa yatakayojengwa wanafunzi watakapoongezeka, na Tabora wanaongezeka. Eneo la wazi ambalo watoto wanachezea limeandikwa hivyo kwenye mchoro, na kulibadilisha matumizi kunahitaji tangazo, kusikiliza pingamizi na kibali. Hata hivyo nakiri kwamba maeneo ya wazi mengi yameshavamiwa bila tangazo lolote, tena si na maskini.

Kisha kuna viwanja vya watu. Mtu alipata barua ya toleo, akalipia, akaenda zake Dar es Salaam, na kiwanja kimeota nyasi kwa miaka mingi ingawa sharti la kawaida ni kukiendeleza ndani ya miezi 36. Wananchi huniambia, «Si mumnyang'anye?» Kufuta miliki kunaanza na ilani, kunapita kwenye utetezi wa mmiliki na kuishia mezani kwa Rais, kwa sababu ni yeye peke yake anayeweza kubatilisha. Ni sawa iwe hivyo. Sitaki kuishi katika mji ambao afisa kama mimi anaweza kukufutia kiwanja asubuhi kwa sababu jana hukumsalimia.

Yanabaki mashamba ya pembezoni, na huko ndiko viwanja vipya vinakotoka. Shamba lina mwenyewe, na sheria inataka alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati: thamani ya soko ya ardhi, mimea na majengo, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na malazi. Miezi sita ikipita bila malipo, riba inaanza kuhesabiwa. Ongezeni gharama za upimaji, barabara za kuchonga, nguzo za umeme na bomba la maji. Halmashauri iliyofanya kazi hiyo kwa fedha za mkopo ina tarehe ya kurejesha, kwa hiyo inamuuzia mwenye fedha taslimu leo, na mwenye fedha taslimu leo si mama lishe wa stendi.

Turudi California, jimbo lenye Los Angeles, kwa kuwa ndiko mlikoanzia. Sheria yao ya ardhi ya ziada ni ya mwaka 1968, na mwaka 2019 iliongezwa makali. Taasisi ya umma inapaswa kwanza kutangaza rasmi kwamba ardhi fulani haihitajiki tena kwa kazi zake, kisha kuwataarifu wajenzi wa nyumba za gharama nafuu, kuwapa siku 60 za kuonesha nia na siku 90 za majadiliano. Katika nyumba za kupangisha zinazojengwa chini ya utaratibu huo, kodi nafuu hufungwa kwa sharti la miaka 55 lililosajiliwa pamoja na ardhi yenyewe, hata ikibadilisha mmiliki. Hilo ndilo jambo ambalo video zenu hazioneshi kamwe. Wenzetu hawakumgawia mtu kiwanja wakamwachia, waliifunga ardhi. Na bado ardhi haikutosha, kwani mwaka 2016 wapiga kura wa Los Angeles waliidhinisha hatifungani ya dola bilioni 1.2 kwa ajili ya nyumba za wasio na makazi, kwa sababu kiwanja hakijengi chochote.

Sisi kugawa tumeshajaribu. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa fedha za Benki ya Dunia, Serikali ilitekeleza mradi wa viwanja vyenye huduma katika miji saba, na Tabora ilikuwa mmojawapo pamoja na Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Tanga, Morogoro na Iringa. Walengwa walikuwa watu wa kipato cha chini. Nendeni Sinza au Kijitonyama, Dar es Salaam, leo mkamtafute huyo mlengwa. Hakukuwa na kitu kilichoifunga ardhi, basi thamani ilipopanda wengi waliuza na wenye uwezo wakaingia. Vitabuni habari huishia hapo, kwa hukumu kwamba mradi ulishindwa, nami nilifundishwa hivyo. Siku hizi sina uhakika. Mitaa ile ilibaki na barabara zilizonyooka na nyumba bora kuliko mitaa iliyojipanga yenyewe, na aliyeuza kiwanja akasomesha watoto huenda alipata msaada mkubwa kuliko nyumba ambayo tungemkataza kuiuza. Ukimpa maskini mali isiyouzika, umempa mali au umempa kitu cha kutunza tu? Sijapata jibu linaloniridhisha.

Nina uhakika zaidi na hili: wengi mnaowaita wasio na nyumba hapa mjini hawatafuti kiwanja. Ni wapangaji wa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, na kinachowaumiza ni kodi ya miezi sita au mwaka mzima inayodaiwa kwa mkupuo. Wanaolala stesheni na vibarazani ni wachache zaidi, na wao wanamhitaji afisa ustawi wa jamii kabla ya kumhitaji mpima. Kumpa kijana wa vibarazani kiwanja kisicho na maji, mbali na mahali anapopata kibarua, ni kumpa dalali.

Ningeulizwa, ningetaka halmashauri ibaki na hati, itumie viwanja vyake vichache vilivyo karibu na soko na stendi, ijenge vyumba vya kupangisha vya kawaida na kutoza kodi kwa mwezi. Pingamizi kubwa natoa mwenyewe: angalieni vizimba vya masoko ya halmashauri nyingi nchini, ambavyo mwenye mkataba analipa kiasi kidogo kisha anampangisha mfanyabiashara halisi kwa bei mara kadhaa ya hiyo. Sijui ni nini kitazuia vyumba kufuata njia hiyo hiyo, isipokuwa orodha ya wapangaji kubandikwa ukutani mtaani, ambako majirani wanajuana kwa majina. Na mwaka wa uchaguzi, nani atamfukuza asiyelipa?

Kwa hiyo kabla ya kunitumia video nyingine, nendeni ofisi ya kata mkaombe kuoneshwa mchoro wa eneo lenu, mkatafute kiwanja mnachokisema, msome matumizi yake na namba ya kitalu. Mkikuta kimeandikwa jina la halmashauri, hakina kazi iliyopangwa na hakijai maji mwezi wa pili, mpelekeeni diwani wenu namba hiyo kwa maandishi, aiwasilishe kwenye kamati ya mipango miji. Nakala nileteeni mimi.