Minyoo inavyoituliza kinga ya mwili

Mnyoo huonekana hata kwa macho. Mbona kinga ya mwili haiumalizi?

Huushambulia, ila ukubwa wake ni kikwazo. Chembe nyeupe ya damu humeza bakteria mzimamzima. Mnyoo wa utumbo wenye sentimita 30 itaumezaje? Kwa hiyo mwili hubadili mbinu: utumbo hutoa ute mwingi na kujikaza ili kuusukuma nje, kingamwili (protini za kinga) za aina ya IgE huongezeka, na chembe ziitwazo eosinofili huyamwagia mabuu, yaani minyoo michanga, sumu. Ndiyo maana daktari akikuta eosinofili nyingi kwenye damu, minyoo ni kati ya mambo anayoyafikiria.

Basi huponea wapi?

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye ajabu kubwa kuliko zote. Mwili una chembe za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuizuia kinga isije ikaumiza viungo vyetu wenyewe. Minyoo huzichochea chembe hizo. Mnyoo mmoja wa utumbo wa panya hutengeneza protini inayoiga TGF-beta, ishara ambayo mwili huitumia kuamuru utulivu. Minyoo ya kichocho nayo, ikiishi ndani ya mishipa ya damu, hujipaka molekuli za mtu iliyemwingia, ikawa vigumu kuitambua. Kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 10, na mingine imewahi kupita 30.

Utulivu huo una hasara?

Ndiyo. Baadhi ya tafiti zimeonyesha kuwa wenye minyoo huitikia kwa udhaifu chanjo kama ya BCG, ya kifua kikuu, na ile ya kipindupindu inayonywewa.

Nasikia minyoo huzuia mzio. Nijiambukize?

Usifanye hivyo, tafadhali. Wazo lenyewe si upuuzi, kwani kinga iliyotulizwa huweza kupunguza mzio. Lakini watafiti walipowapa wagonjwa mayai ya minyoo ya nguruwe, majaribio makubwa hayakuleta nafuu iliyotarajiwa. Tena, mabuu ya minyoo mingine hupita mapafuni na kuleta kikohozi na kukorota kifuani, na minyoo ya safura hunyonya damu hadi mtu akaishiwa.

Kuna wakati wa kuwa mwangalifu zaidi?

Upo: kabla ya kuanza dawa za steroidi. Mnyoo uitwao strongiloidesi huweza kukaa mwilini miongo mingi bila dalili, kisha kinga ikishushwa na dawa hizo, mabuu huongezeka mno na kusambaa hadi kuua. Kama umewahi kuishi mahali penye minyoo hiyo, mwambie daktari akupime kwanza.